Kompyuta Yasikiliza Nini?

Mji wa Morogoro umepata sifa kwa mambo mengi, kwa maji yake yashukayo kutoka Uluguru, kwa mashamba ya mkonge yaliyoizunguka wilaya yake, kwa chuo kikuu cha kilimo kilichopewa jina la marehemu Edward Sokoine. Lakini kwa watu waliokuwa vijana katika miaka ya sitini na sabini, sifa iliyozitangulia zote ilikuwa ni muziki. Hapo ndipo Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba mpaka alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipolicharaza gita la Morogoro Jazz, bendi iliyomfikisha hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kabla hajajitenga mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Jambo moja husahaulika katika hadithi hizi, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya muziki huo uliozaliwa Morogoro haikunaswa Morogoro. Bendi zilifunga safari kwenda Dar es Salaam, katika studio ya redio ya taifa, au zilivuka mpaka hadi Mombasa na Nairobi, maana Tanzania ya siku hizo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Mwanamuziki aliingia studio na gita lake, akaonyeshwa mahali pa kusimama, akaimba. Maiki iwekwe wapi, kiwango cha sauti kiwe kipi, utepe uzunguke kwa kasi gani, hayo yalikuwa ya fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo, na aghalabu mwimbaji hakuyajua wala hakuyauliza.

Fundi huyo amekwisha kuondoka baina ya mwimbaji na mashine. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Kihonda au Mji Mpya, mjini Morogoro, kilichozibwa dirisha kwa blanketi na kuegemezwa godoro kuukuu ukutani ili sauti isirudi, kijana mwenye kompyuta ya mkononi, maiki moja na hedifoni hujiita prodyuza, naye ana haki ya kujiita hivyo, kwa kuwa mashine iliyo mbele yake ina uwezo ambao studio za zamani hazikuuota. Mji uliotoa bendi umetoa pia Afande Sele, Belle 9 na Stamina katika muziki wa kizazi kipya, na nyuma yao wapo wengi ambao bado hawajapata jina. Walakini maamuzi ya fundi hayakuondoka pamoja naye. Yamehamia ndani ya kidirisha kidogo cha programu, chenye mistari minne au mitano ya kuchagua, ambacho watu hukipita mbio ili wafike upesi kwenye madoido ya kurembesha sauti; na yakini yangu ni kwamba maiki nyingi zilizotukanwa kuwa mbovu hazikuwa na kosa lolote, ila hazikuwa zimechaguliwa.

Tuchukue mfano wa Audacity, programu iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, nayo kwa kuwa haiuzwi huwafaa wanakwaya, waimbaji wa kaswida na watu wa redio ndogo wasio na fedha za kununua leseni. Kompyuta ya mkononi ina maiki yake ya asili, iliyojificha ndani ya tundu dogo pembeni mwa kioo. Ukichomeka maiki ya USB, kompyuta sasa ina maiki mbili, na ukichomeka intafesi, kile kisanduku cha kuunganishia maiki na magita kwenye kompyuta, zimekuwa tatu. Na pengine ipo ya nne isiyo maiki kabisa, inayonasa sauti ile ile ambayo kompyuta yenyewe inaipiga. Mashine haijui ni ipi uliyoikusudia. Hufuata ile iliyotajwa katika mstari wa kifaa cha kunasia, na kama mstari huo wataja maiki ya ndani, mwimbaji atasimama mbele ya maiki ya thamani, atakaza koo, kumbe anayemsikiliza ni lile tundu lililo mita mbili kutoka kwake, pamoja na feni ya kompyuta na jogoo wa jirani. Namna ya kuthibitisha ni nyepesi. Kwaruza wavu wa maiki kwa ukucha, taratibu, huku ukiutazama mstari wa kijani wa kiwango. Halafu kwaruza ukingo wa kompyuta. Pale ambapo mstari unaruka ndipo kompyuta inaposikiliza.

Aidha, programu nyingi huvihesabu vifaa pale zinapofunguliwa, na kilichochomekwa baadaye hakionekani mpaka ziamriwe kutafuta upya, au zifungwe na kufunguliwa tena. Na juu ya programu iko Windows yenyewe, ambayo ina idhini yake: katika sehemu ya faragha mna swichi ya kuruhusu au kuzuia programu kutumia maiki, na swichi hiyo ikiwa imefungwa, unaweza kunasa ukimya mtupu bila programu kulalamika, mstari ulionyooka tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hadhari ya pekee yafaa itolewe juu ya hedifoni za Bluetooth, ambazo siku hizi zimejaa madukani. Hizo husafirisha muziki vizuri maadamu zinasafirisha upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda masikioni. Pindi maiki yake inapotakiwa kufanya kazi, aghalabu huingia katika utaratibu wa simu, wenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na hapo hapo muziki masikioni hufifia, na sauti inayonaswa hushuka hadi ubora wa mazungumzo ya simu. Kwa kazi ya kunasa, waya bado haujapata mshindani.

Mstari mwingine wa kidirisha hicho huwatisha watu kuliko unavyostahili, kwa sababu umeandikwa kwa herufi kubwa zisizosomeka: MME, DirectSound, WASAPI. Hizo ni njia ambazo Windows ilizifungua kwa nyakati mbalimbali ili programu izungumze na saundi kadi. MME ndiyo mzee wao, ya mwaka 1991. Hukubali karibu kila kifaa, lakini hulikata jina la kifaa likizidi herufi 31, na ndiyo maana maiki mbili zenye majina marefu hazitofautishiki katika orodha. WASAPI ilikuja na Windows Vista mwaka 2007. Nje ya hizo kuna ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, ambayo huruka matabaka ya katikati na kukifikia kifaa moja kwa moja, nayo ndiyo ipendwayo katika programu za studio kama Cubase na FL Studio; Audacity kwa miaka mingi iligawiwa bila hiyo, kwa kuwa masharti ya hakimiliki hayakupatana na leseni yake huru. Mwenye kompyuta ya Apple amesalimika na uchaguzi huu wote. Kwa mwenye Windows ushauri wangu ni mfupi: intafesi ikiwa imekuja na draiva yake ya ASIO na programu inaikubali, itumie; kama sivyo, tumia WASAPI; na MME iwe kimbilio pale nyingine zinapogoma.

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito kuliko hayo, nalo ni idadi ya sampuli. Sauti ni mtikisiko wa hewa usiokatika, ilhali kompyuta haijui kuandika ila tarakimu; kwa hiyo huupima mtikisiko huo mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo ni sampuli moja. Kanuni ya hesabu yasema kwamba ili kuuhifadhi mtetemo wowote sharti uupime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake, na kwa kuwa sikio la kijana mwenye afya husikia mpaka kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, sampuli zinazozidi kidogo 40,000 hutosha. CD ya Sony na Philips, iliyoingia madukani mwaka 1982, ilichagua 44,100. Kazi ya video ikachagua 48,000. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, na madhara yake hayaonekani kabisa mpaka pande mbili zisipoelewana.

Yeyote aliyewahi kuiweka santuri ya mizunguko 33 kwenye gramafoni iliyotegwa 45 anajua kinachotokea: mwimbaji hukimbia na koo lake huwa jembamba. Hapa mambo ni yale yale, ila kwa siri zaidi. Tuseme mtu anahamisha santuri ya zamani ya Super Volcano kuingia katika kompyuta, akainasa kwa sampuli 44,100, kisha faili hiyo ikasomwa kana kwamba ni ya 48,000. Wimbo wa dakika 3 utakwisha kwa sekunde 165, na gita litapanda karibu freti moja na nusu. Laiti lingepanda freti nyingi, kila mtu angecheka na kosa lingesahihishwa siku ile ile. Lakini freti moja na nusu ni kiasi cha kumdanganya msikilizaji asiyeijua nakala ya kwanza, naye atadhani tu kwamba Mbaraka alikuwa na sauti nyembamba kuliko wazee wanavyosimulia. Atakayepata taabu ni kijana atakaye kupiga gita lake juu ya wimbo huo, kwa sababu noti zimeangukia katikati ya freti na freti, mahali ambapo kidole hakina pa kukaa. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa ngoma na nyimbo za makabila, alikuwa na desturi ya kuzipima kwa uma za sauti hesabu za mitetemo ya vyombo alivyovikuta. Tahadhari hiyo ndiyo impayo mtafiti wa leo njia ya kujua kama nakala iliyo mbele yake inakwenda kwa kasi ya haki.

Programu za kisasa mara nyingi hubadilisha sampuli zenyewe na kuificha tofauti, na hilo ni jema na baya, kwani mtu hukaa miaka bila kujua kwamba intafesi yake imewekwa namba moja, Windows namba nyingine, na mradi wake namba ya tatu, mpaka siku mojawapo inapokataa kutii. Dawa ni kuziweka namba zote sawa kabla ya kubonyeza kitufe chekundu. Kwa wimbo wa redio, ama 44,100 ama 48,000 yafaa, alimradi iwe moja kila mahali. Kwa kumbukumbu za kudumu wahifadhi wa jumuiya ya kimataifa iitwayo IASA hushauri sampuli zisipungue 48,000, kila moja ikiandikwa kwa biti 24, na ikiwezekana zifike 96,000. Shauri hilo laigusa nchi yetu moja kwa moja, kwa sababu hazina kubwa ya bendi za zamani imo katika tepu za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizorithiwa na TBC, na tepu kongwe haistahimili kuzungushwa tena na tena kwa kuwa aliyeihamisha mara ya kwanza alifanya haraka.

Njia za sauti, moja au mbili, hazihitaji maneno mengi. Mwimbaji mmoja na maiki moja ni njia moja. Ukiiambia programu kwamba ni mbili, ilhali maiki imechomekwa katika tundu la kwanza tu la intafesi, sauti itakaa katika sikio la kushoto peke yake, na mwalimu wa kwaya atasema, “Mwanangu, hizi hedifoni zako zimekufa upande mmoja,” na kijana atajibu, “Hapana, mwalimu, nzima, nimeweka njia mbili, subiri niirudishe moja.”

Fundi wa redio ya zamani hakuijua taabu ya kuchelewa kwa sauti, kwa sababu bendi nzima ilipiga pamoja mbele yake, tarumbeta, magita, tumba na waimbaji, na kosa la mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Chumba cha Kihonda hakiwezi kubeba watu kumi. Gita la kwanza hunaswa peke yake, halafu mpigaji yule yule husikiliza alichopiga na kuongeza la pili juu yake, kisha besi, kisha sauti, na hapo ndipo kuchelewa kunapoingia. Kompyuta haizipokei sampuli moja moja. Huzikusanya katika akiba, na akiba ikijaa huichukua kwa mkupuo mmoja. Akiba ya sampuli 512, kwa 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 12 za kwenda tu, kabla ya kuihesabu safari ya kurudi masikioni. Sauti hewani huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, basi hizo milisekunde 12 ni sawa na kusimama mita 4 kutoka kwenye spika, jambo ambalo mpigaji wa jukwaani amelizoea. Akiba ya 2,048 ni milisekunde 46, nayo ni kama mita 16, na sidhani kama yupo awezaye kucharaza kwa mtindo wa Morogoro, ambapo magita mawili au matatu husukana, noti ya moja ikiingia katika pengo lililoachwa na jingine, huku akijisikia kutoka umbali huo.

Mtu atauliza kwa nini basi akiba isiwe ndogo siku zote. Kompyuta dhaifu ikipewa akiba ndogo hushindwa kuijaza kwa wakati, na sauti hukatika na kutoa milio ya tiki tiki ambayo haifutiki baadaye. Prodyuza mwenye uzoefu huishusha hadi 128 au 256 wakati wa kunasa, akiwa amezima madoido yote, halafu huipandisha hadi 1,024 au zaidi wakati wa kuchanganya, kwa sababu wakati huo hakuna mtu anayepiga chombo na kungoja kujisikia.

Kuna na kuchelewa kwa namna ya pili, ambako huwaponza wapigaji wasio na hatia. Mpigaji amepiga sawasawa na mapigo, lakini programu imekiweka alichopiga baada ya mahali pake. Audacity hujaribu kulisahihisha hili kwa kukirudisha nyuma kila kinachonaswa kwa milisekunde 130, namba ambayo waundaji waliikadiria bila ya kuijua kompyuta yako. Kipimo cha kweli hupatikana hivi: tengeneza mlio wa mapigo ndani ya programu, bandika hedifoni juu ya maiki, uucheze mlio huo huku ukiunasa, kisha kuza picha ya sauti mpaka uone pigo la asili juu na pigo lililonaswa chini yake. Pengo baina ya hayo mawili, likipimwa kwa milisekunde, ndilo la kuirekebisha ile namba. Kazi hii ni ya dakika chache, na hairudiwi mpaka kifaa au njia ibadilishwe. Magomvi mengi baina ya waimbaji na maprodyuza, huyu akimwambia huyu kwamba hana mapigo, yangekwisha kwa dakika hizo.

Hayo yote ni ya chumbani. Wapo na watu wapandao Uluguru wakiwa na vinasa sauti, kwa ajili ya ngoma za Waluguru au kwa ajili ya viumbe wa msituni. Milima hii, sehemu ya Tao la Mashariki, ambayo misitu yake ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ndiyo makao pekee duniani ya ndege ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius, mweusi kichwani, kijani mgongoni na manjano kifuani, akaaye juu kabisa penye majani ya miti mirefu, hata watafiti humtambua kwa mlio zaidi kuliko kwa macho. Adui wa kazi ya namna hii ni ukarimu wa mashine. Simu na kompyuta huja na visaidizi vilivyowashwa tangu kiwandani, kimoja cha kupunguza kelele na kingine cha kupandisha na kushusha kiwango chenyewe, na vyote vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo kisicho sauti ya mtu kwavyo ni takataka. Ndege wa mbali hufutwa. Ngoma ikinyamaza, kiwango hupandishwa mpaka kijito kisikike kikinguruma. Pigo la kwanza likirudi, vyote hushushwa kwa ghafula, na mpigaji aliyekusudia kuanza kwa nguvu husikika ameanza kwa woga.

Visaidizi hivyo vizimwe, katika Windows na katika programu, na kiwango kitegwe kwa mkono, kwa sauti kubwa ya mwisho ya wimbo wenyewe na si ile ya majaribio, maana kila mwimbaji hujaribu kwa upole na kuimba kwa ukali. Kilele kikae baina ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Juu ya sifuri hakuna namba, na sauti inayofika hapo hukatwa kichwa na kupasuka. Mwenye biti 24 anaweza kukaa chini zaidi bila kuogopa mchakacho. Mwenye 16 hana nafasi kubwa hivyo. Na mvua ya Uluguru ikishuka juu ya bati, hakuna mpangilio wa kuizuia, ndiyo maana wakati wa masika prodyuza wa Morogoro huitazama milima kabla ya kumpa mteja saa ya kuja.

Mngurumo wa umeme ni jambo jingine, na huo unao mwenyewe wa kuulizwa. Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mahali ambapo nyumba haina ethi nzuri, chaja ya kompyuta aghalabu huuingiza katika nyaya za maiki na gita, ukasikika chini ya kila kitu bila kukoma. Wengi hukimbilia chujio la programu na kuiamuru ifute hezi 50. Lakini kamba nene ya gita la besi, E ikiwa wazi, hutikisika mara 41 kwa sekunde, na noti ya G ishikwayo kwenye freti ya tatu ya kamba hiyo hiyo hutikisika mara 49. Chujio haliwezi kuwatenganisha majirani wa karibu kiasi hicho, kwa hiyo kila besi inapopita kwenye G wimbo hupungukiwa na miguu. Kwanza chaja ichomolewe ukutani, kompyuta itumie betri, na mngurumo usikilizwe tena. Ukiwa umekwisha, chujio halikuhitajika.